Mtaa umepanda ghorofa, mtaro umebaki ule ule

Mvua ya nusu saa inatosha kuugeuza mtaa kuwa mto, maji yakapiga hodi kwenye nyumba za zamani, na ubishi ukaanza. Mmoja anasema kosa ni la yule aliyejenga ghorofa kule juu. Wa pili anawalaumu wanaotupa taka mtaroni. Wa tatu anasema mvua za siku hizi si zile. Mwenye ghorofa naye anauliza, kwani mvua naileta mimi? Kila mmoja ameshika kipande cha ukweli, ndiyo maana hakuna anayekubali kushindwa.

Kabla ya kumtafuta mchawi, tutenganishe majina, kwa sababu nusu ya ubishi huu ni watu kuita vitu tofauti kwa jina moja. Maji ya mvua ni yale yanayotoka kwenye bati, uwanja na barabara. Majitaka ni ya chooni, na hapa tutayahesabu pamoja na maji ya kuogea na kufulia. Mtaro ni njia ya maji ya mvua peke yake, uwe wazi au umefunikwa. Chemba ni kile kisanduku cha zege chenye mfuniko ambamo mabomba ya majitaka hukutana au kupinda. Kivuko ni zege au bomba lililowekwa juu ya mtaro ili gari au mtu avuke kuingia getini. Hicho cha mwisho kinaonekana kidogo, lakini shikilia hapo, tutakirudia.

Lita zinatoka wapi

Mvua hupimwa kwa milimita, na wengi huisikia namba hiyo kwenye utabiri wa hali ya hewa bila kujua inawahusu vipi. Maana yake ni nyepesi: milimita 1 ya mvua ni lita 1 ya maji kwenye kila mita 1 ya mraba. Mvua ya milimita 40 ndani ya saa moja, ambayo ni kubwa lakini si ya ajabu, inamwaga lita 40 kwenye kila mita ya mraba, iwe ni bati, lami au bustani.

Chukua kiwanja cha mita 20 kwa 30. Kina mita za mraba 600, kwa hiyo mvua ile inakimwagia lita 24,000. Kiasi hicho hakiongezeki hata ukisimamisha ghorofa kumi juu yake. Hapo mwenye ghorofa hajakosea: hajaongeza hata tone. Alichobadilisha ni maji hayo yanakoelekea.

Zamani kiwanja hicho kilikuwa na nyumba ya mita za mraba 120, na 480 zilizobaki zilikuwa udongo, majani na mti mmoja miwili. Bati huachia karibu maji yote, tuseme asilimia 90. Udongo wenye majani hunywa sehemu kubwa na kuachia kama asilimia 20. Piga hesabu: lita 4,320 kutoka kwenye bati na 3,840 kutoka uwanjani, jumla 8,160 zinazotoka kwenda mtaani. Leo kiwanja kizima ni paa na zege. Asilimia 90 ya yote inatoka, yaani lita 21,600. Mvua ni ile ile, maji ya mtaani ni zaidi ya mara mbili na nusu.

Kuna jambo la pili ambalo hesabu ya jumla hailionyeshi. Udongo, hata ule unaoachia maji, huyachelewesha. Yanatoka kidogo kidogo, mengine mvua ikiwa imeshakatika. Zege haisubiri. Na mtaro haushindwi na wingi wa maji ya siku nzima, unashindwa na dakika kumi ambazo maji ya kila kiwanja yanafika kwa pamoja. Ni kama mlango wa ukumbi: watu 500 wakitoka kwa saa nzima hakuna anayesukumwa, wakitoka wote kengele ikilia mlango ni ule ule lakini watu wanaumia.

Mtaro uliojaa nusu

Sasa tuweke viwanja 10 vya aina hiyo kwenye mtaro mmoja. Zamani vilitoa lita 81,600 kwa saa, ambazo ni takriban lita 23 kwa sekunde. Leo vinatoa 216,000, yaani lita 60 kwa sekunde, sawa na ndoo tatu za lita 20 kila sekunde. Huo ni wastani wa saa. Mvua ikichapa kwa nguvu katikati, hupanda zaidi.

Mtaro wa zege laini wenye upana wa sentimita 30 na kina cha sentimita 30, ukishuka nusu sentimita kwa kila mita, hubeba kama lita 90 kwa sekunde ukiwa safi. Kwa hiyo unazimudu zile 60, na nafasi inabaki. Ujaze mchanga nusu. Wengi hudhani umebaki na nusu ya uwezo, lita 45. Haiko hivyo. Maji yakiwa na kina kidogo husuguana zaidi na sakafu na kingo, mwendo unapungua, na kinachobaki ni lita 38 hivi kwa sekunde. Kwa kuwa mchanga una mikwaruzo kuliko zege, hata hizo 38 ni za matumaini.

Ziweke namba kando kwa kando uone ubishi wa mtaa unavyoyeyuka. Mtaro mchafu wa lita 38 ungebeba maji ya zamani, 23, bila tatizo, na ndiyo maana wazee wanaapa kwamba mtaro haukuwahi kusafishwa na hakuna aliyefurika. Mtaro safi wa lita 90 ungebeba maji ya leo, 60. Mafuriko yanakuja pale maji ya leo yanapokutana na mtaro mchafu. Anayelaumu zege na anayelaumu taka wanaizungumzia ajali ile ile, kila mmoja akitazama gari moja.

Na huo mchanga hautoki mbali. Rundo la mchanga na kokoto za ujenzi lililomwagwa kando ya barabara, bila tofali la kulizuia chini, mvua moja inatosha kulisambaza hadi mtaroni. Mifuko na chupa huonekana zaidi, ndizo zinazopigwa picha, lakini mara nyingi hushika tu pale ambapo mchanga umeshapunguza njia.

Turudi kwenye kivuko. Kila geti jipya linahitaji kimoja, na fundi mwenye haraka hulaza bomba la sentimita 20 mtaroni, akamwaga zege juu. Bomba hilo kwenye mteremko ule ule hupitisha kama lita 23 kwa sekunde. Mtaro wa lita 90 umefungwa shingo hadi robo, na viwanja vyote vilivyo juu ya geti hilo sasa vinaishi kwa kipimo cha bomba la jirani mmoja. Usidanganyike na kauli ya "nimeweka mabomba mawili": bomba moja la sentimita 30 hubeba sawa na mabomba sita ya sentimita 15. Kivuko kisichoudhi mtu ni bamba la zege lenye nondo lililokalia kingo za mtaro, chini pakabaki wazi kama palivyokuwa, na bamba likakatwa vipande viwili au vitatu vinavyoinuliwa wakati wa kusafisha. Bamba lisiloinulika ni kaburi la mchanga. Miaka mitatu baadaye hakuna ajuaye kilichomo chini yake.

Nyumba ya zamani inavyozama bila kushuka

Hili linawauma wakazi wa siku nyingi kuliko yote. Nyumba haijasogea hata sentimita, lakini kila kilichoizunguka kimepanda. Viwanja vipya hujazwa kifusi nusu mita au zaidi kabla ya msingi. Barabara ikiwekwa lami juu ya lami bila kukwangua ile ya kwanza, kila tabaka hupandisha uso wake sentimita 4 au 5. Zikipita awamu tatu, ngazi mbili za kupanda kuingia ndani zimebaki moja, au zimegeuka za kushukia. Nyumba imekuwa sahani katikati ya mtaa.

Halafu unakuja ukuta. Maji ambayo zamani yalipita uwanjani kwa mtu na kwenda zake sasa yanakuta uzio wa tofali usio na hata tundu. Mwenye nyumba anaona amejikinga, lakini maji hukaa nyuma ya ukuta na kuusukuma. Kina cha nusu mita kinasukuma kila mita moja ya urefu wa ukuta kwa nguvu ya uzito wa kilo 125 hivi. Kina kikifika mita 1, si mara mbili, ni mara nne: kilo 500. Uzio wa tofali za kusimama, usio na nguzo za nondo, haukujengwa kwa mzigo huo, na unapoanguka huanguka kwa mpigo, kwa urefu wote. Matundu ya sentimita 10 kwa 10 chini ya ukuta, kila baada ya mita mbili hivi, yenye wavu wa kuzuia taka, hupunguza hatari hiyo. Ila yanahitaji mahali pa kuyapeleka maji. Ukiyatoboa kuelekea sebuleni kwa jirani umehamisha ugomvi tu.

Mambo yanayosemwa sana

"Nimeweka pevingi, maji yanapenya." Yanapenya pale vitofali vilipolazwa juu ya kokoto zenye uwazi na viungo vikaachwa bila saruji. Vingi hulazwa juu ya kifusi kilichoshindiliwa kwa mashine, viungo vikazibwa kwa saruji ili majani yasiote. Hiyo ni zege yenye michoro.

"Nina tangi la kukinga maji ya bati." Ni jambo zuri, kwa sharti moja: liwe tupu mvua inapoanza. Paa la mita za mraba 120 kwenye mvua yetu ya milimita 40 hutoa zaidi ya lita 4,300. Tangi la lita 2,000 lililojaa tangu juzi halipunguzi kitu, maji yanapita juu yake kwenda mtaani.

"Chimba shimo la kunyonya, tatizo limekwisha." Inategemea udongo, na udongo unaulizwa hivi: chimba kishimo cha sentimita 30 kila upande kwenye kina ambacho shimo lako litafika, jaza maji, acha yanywewe usiku kucha, asubuhi jaza tena na upime yameshuka kiasi gani kwa saa moja. Yakishuka sentimita kadhaa, una mchanga wa kufanya kazi nao. Yakishuka milimita chache, huo ni udongo wa mfinyanzi, na shimo lako litakuwa bwawa. Kumbuka pia kwamba shimo la mita 2 kwa 2 kwa kina cha 2, likijazwa mawe, halibebi lita 8,000. Mawe yanachukua nafasi. Maji hupata kama lita 3,000. Likae angalau mita 5 kutoka kwenye msingi, wako na wa jirani. Na kama visima vya mtaani vina maji mita moja tu chini ya uso, acha kabisa: huwezi kumwaga maji ndani ya maji.

"Mvua zimezidi." Inawezekana, ila usiamini kumbukumbu. Weka kopo lenye kuta zilizonyooka mahali pasipo mti wala paa karibu, pima kina kwa rula kila mvua inapokatika, andika. Mvua ya milimita 15 ikifurisha mtaa ambao zamani ulistahimili mvua kubwa kuliko hiyo, tafuta jibu chini, si mawinguni.

Kusafisha kuna upande wa kuanzia

Siku ya usafi kila mtu huanza mbele ya geti lake, na ndiyo sababu kazi haidumu wiki. Anza chini, mwisho wa mtaro unakomwaga maji, kisha panda kwenda juu. Ukianza juu unasukuma uchafu kwa wa chini aliyeziba, na maji yanarudi kwako. Mchanga uliotolewa ubebwe siku hiyo hiyo. Ule unaorundikwa kando ya mtaro "ukauke kwanza" hurudi ndani kwa mvua ya kwanza, na hili ni kosa linaloonekana kila mahali.

Kujua kuziba kuko wapi, tembea mvua ikinyesha. Mtaro umejaa upande wa juu wa kivuko na upande wa chini maji ni kidogo? Kizuizi ni kivuko hicho. Umejaa pande zote mbili na maji yamesimama? Endelea kushuka, tatizo liko mbele. Maji yanakwenda kasi na bado yanamwagika? Hapo mtaro ni mdogo kweli, na hakuna koleo litakalosaidia.

Chemba inapotapika

Kuna harufu ambayo kila mvua huja nayo. Ukiikuta nyumba ya bondeni chemba yake imefurika, mwenyewe ndiye hulaumiwa, ingawa mara nyingi yeye ndiye mhanga. Bomba la majitaka la mtaa ni jembamba kwa sababu lilihesabiwa kwa matumizi ya watu. Familia ya watu 6, kila mmoja akitumia lita 100, hutoa lita 600 kwa siku. Sasa mtu mmoja huko juu anaunganisha maji ya bati lake kwenye chemba ili yasimchafulie uwanja. Kwa saa moja ya mvua analiingizia bomba zaidi ya lita 4,300, matumizi ya familia hiyo kwa wiki nzima. Bomba linajaa, na maji yanatafuta mfuniko ulio chini kuliko yote. Bati halina ruhusa ya kuonana na chemba.

Pasipo bomba la mtaa, kila nyumba ina tangi lake la majitaka na shimo la kunyonya baada yake. Tangi halisafishi maji kwa miujiza, linayapa muda: uzito unatuama chini, mafuta yanaelea juu, na maji ya katikati yanapita kwenda kunyonywa. Tangi la lita 3,000 kwa familia ile lina siku 5 za kutuamisha. Nyumba ikigawanywa vyumba vya kupangisha, watu wakafika 40, zinaingia lita 4,000 kwa siku, na maji hayapati hata siku moja. Uchafu unapita haujatuama, unaziba vinyweleo vya udongo kwenye shimo la kunyonya, na shimo lililozibwa hivyo halifufuki kwa kunyonya tangi. Kuongeza wapangaji bila kuongeza tangi ni kuchimba kaburi la shimo lako.

Tope likifika theluthi ya kina cha tangi, ita gari la kunyonya. Unga na dawa za kumwaga chooni haziondoi tope hilo. Wala usikaushe tangi jepesi la plastiki katikati ya masika kwenye ardhi iliyolowa chepechepe. Likiwa tupu, maji ya chini huliinua kama boya na kuvunja mabomba. Na wale wanaotapisha choo mtaroni mvua ikinyesha, wakidhani maji yanabeba yote: yanabeba, hadi pale mtaro ulipozibwa na kivuko cha sentimita 20. Hapo yanaingia ndani kwa watu, na watoto wanayakanyaga.

Na bomba linalokohoa

Cha ajabu, mtaa huo huo unaofurika unalia kiu. Ni hesabu ile ile, safari hii maji yakielekea ndani. Bomba kuu lilitandazwa kwa nyumba za chini. Msukumo wa maji hupungua kadiri unavyopanda. Kila ghorofa ya mita 3 inakula sehemu yake. Tena maji yakikimbia ndani ya bomba husuguana nalo, na watumiaji wakiongezeka mara mbili kwenye bomba lile lile, msukumo unaopotea njiani hauwi mara mbili, huwa kama mara nne. Wa mwisho kwenye laini anabaki na matone bila mtu yeyote kumfungia koki.

Mwenye ghorofa hujitetea kwa pampu, na hapa anaweza kukosea vibaya. Pampu iliyofungwa moja kwa moja kwenye bomba la mtaa hunyonya maji ya majirani, na bomba likibaki tupu hunyonya pia tope na majitaka kupitia nyufa zake. Utaratibu ulio salama ni maji yaingie yenyewe kwenye tangi la chini lenye boya la kufunga, kisha pampu iyatoe kwenye tangi hilo kwenda juu.

Kama unashuku umefungiwa maji, amka saa nane usiku ufungue bomba la uwanjani lililo karibu na mita. Yakitoka kwa nguvu saa hiyo na mchana hayatoki, bomba la mtaa limezidiwa na watumiaji. Yakiwa dhaifu saa zote, funga koki zako zote za ndani na utazame mita: ikiendelea kuzunguka, maji yanavuja ndani ya kiwanja chako. Ikisimama, kabla ya kwenda kulalamika mwite fundi afungue kichujio kidogo kilicho kwenye mita. Mara nyingi hukutwa kimejaa mchanga na kutu.